Lini Tubadilishe Mkanda wa Taimingi wa Gari Lililotumika: Hotuba kwa Wamiliki na Madereva wa Malindi

Mwenyekiti wa kikao, wazee wetu, mabibi na mabwana wenye magari, madereva wa matatu, wa teksi na wa magari ya watalii, na nyinyi vijana wa gereji mliofunga kazi mapema ili mfike hapa: Assalaam alaykum, na hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumze juu ya jambo moja, nami nakusudia kubaki nalo mpaka mwisho. Mtu aliyenunua gari lililokwisha kutumiwa na mwenziwe ataamua vipi wakati wa kubadilisha mkanda wa taimingi? Swali hili hufika gerejini mara kwa mara, na kwa kawaida hufika likiwa limepinda tayari. Mwenye gari hufungua boneti, akasema, "Fundi, hebu nitazamie mkanda huu kama bado u mzima." Nitaeleza kwa nini jicho la fundi, hata liwe kali namna gani, haliwezi kulibeba jibu hilo peke yake, na kwa nini mimi hushikilia kwamba gari lisilokuja na maandishi ya kuaminika lihesabiwe kuwa mkanda wake umekwisha tangu siku lilipoingia mikononi mwenu.

Kazi ya mkanda nitaipitia kwa haraka kwa kuwa wengi mnaijua. Chini ya injini kuna krankshafti inayozungushwa na pistoni. Juu, kwenye silinda hedi, kuna kemshafti inayofungua vali ili hewa iingie na moshi utoke. Katika injini za mapigo manne, kemshafti huzunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krankshafti, na hesabu hiyo haivumilii kupotea. Mkanda wa taimingi, ule wa mpira wenye meno kwa ndani na nyuzi za kioo zilizofumwa katikati yake, ndio unaozifunga shafti hizo mbili katika mwendo mmoja. Dereva anapoikimbiza injini mizunguko 3,000 kwa dakika, krankshafti inazunguka mara 50 kila sekunde, na kila vali inafunguka na kufungika mara 25 katika sekunde hiyohiyo. Mliowahi kuwaona akina mama wawili wakitwanga katika kinu kimoja mtanielewa: mchi mmoja unapopanda ndipo mwingine unaposhuka, na mwendo ukimpotea mmoja wao, michi inagongana. Ndani ya injini zinazogongana ni pistoni na vali.

Watengenezaji waliupenda mkanda kwa sababu ni mwepesi, hauna kelele, hauhitaji oili na bei yake ni nafuu kuliko cheni, ile ya chuma inayofanya kazi hiyohiyo katika injini nyingine. Gari dogo la Kijerumani, Glas 1004, lilitoka nao mwaka 1962, na baada ya hapo ukaenea duniani. Tatizo lake ni kwamba cheni ikichakaa mara nyingi hupiga kelele asubuhi injini inapowashwa, ilhali mkanda unaweza kwenda kimya mpaka dakika unapokatika.

Kabla ya kuuliza lini, ni lazima tujue kama gari lenyewe lina mkanda. Hapa watu hupoteza fedha kwa pande zote mbili: wapo waliolipishwa kubadilishiwa mkanda ambao gari lao halina, na wapo walioambiwa "hiyo ni cheni, usijali" juu ya injini iliyokuwa ikisubiri kukatika. Jina lililobandikwa mlangoni halitoshi. Chukueni Hiace, gari ambalo bila yake safari ya Mombasa isingekuwepo. Hiace yenye injini ya dizeli ya 5L (hiyo ni alama ya aina ya injini, kama zote nitakazozitaja) ina mkanda; yenye 2KD au 1KD ina mkanda; lakini Hiace ya petroli yenye 1TR au 2TR ina cheni, na ile mpya ya dizeli yenye 1GD nayo ina cheni. Hayo yote ni gari la jina moja. Prado na Surf za dizeli zenye 1KZ zina mkanda, na Land Cruiser zile ngumu zenye 1HZ, zinazofanya kazi upande wa Witu, Mpeketoni na Hindi, zina mkanda pia. Probox ya petroli yenye 1NZ ina cheni. Subaru Forester na Impreza za zamani zenye EJ20 zina mkanda, na mrefu, ilhali Forester za baadaye zenye FB20 zina cheni. Nissan Caravan ya zamani yenye TD27 haina mkanda wala cheni. Taimingi yake inaendeshwa na gia, na mwenye nayo anaweza kusinzia kidogo katika hotuba hii.

Kwa hiyo tafuteni alama ya injini yenyewe. Kwenye Toyota nyingi zilizotoka Japani kuna kibati ndani ya boneti kilichoandikwa aina ya injini, na namba ya injini imepigwa kwenye bloku yake. Ilinganisheni na ile iliyo kwenye logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari. Nasisitiza hilo la kulinganisha kwa sababu kwetu injini hubadilishwa sana: injini ya mwanzo ikichoka, mtu hununua injini ya mtumba iliyotoka Japani, ikafungwa, na gari likaendelea na maisha. Hapo mita ya kilomita iliyo mbele ya dereva haina habari yoyote ya mkanda uliokuja na injini hiyo, kwa maana mita ni ya gari na mkanda ni wa injini nyingine kabisa iliyotembea mbali usikojua. Kama mnanunua injini ya mtumba, mkanda na ubadilishwe injini ikiwa bado iko sakafuni, kabla ya kuingizwa garini. Wakati huo kazi ni ya kukaa kitako na kufungua boliti chache. Ikishaingia, fundi atatoa feni, rejeta na vinginevyo kabla hajaufikia, nanyi mtamlipa kwa hayo yote.

Jambo la pili la kujua ni nini kitatokea mkanda ukikatika, maana injini haziko sawa. Zipo zilizochorwa ili pistoni ikifika juu kabisa ibaki nafasi hata kama vali imefunguka. Mkanda ukikatika injini inazimika, gari linavutwa, mkanda mpya unafungwa, na safari inaendelea. Injini ya 5A-FE ya Corolla za miaka ya 1990 na ile ya 3S-FE zimo katika kundi hilo. Zipo nyingine ambazo pistoni na vali hutumia nafasi ileile kwa zamu. Dizeli karibu zote ni za aina hiyo kwa sababu zinabana hewa sana, katika injini kama 5L na 1KZ zaidi ya 20 kwa 1, na penye mbano wa namna hiyo pistoni inapofika juu hakuna mwanya uliobaki wa vali kujificha. EJ20 ya Subaru nayo ihesabuni huko. Hapo mkanda ukikatika vali zinapinda, pengine roka, yaani mikono inayozisukuma vali, zinavunjika, pengine pistoni inatoboka, na shughuli iliyokuwa ya siku moja inageuka kuwa ya kufungua hedi, kuipeleka kwa mchongaji, kununua vali, gasketi na sili, na gari kulala wiki bila kuingiza shilingi.

Mwenye 5A-FE asifurahi kupita kiasi, lakini. Injini inayozimika ghafla inaondoka na nguvu ya usukani na msaada wa breki, na hilo likitokea usiku umo katikati ya kulipita lori, au mwendo umeshika juu ya daraja la Sabaki, uzima wa vali hautakuwa jambo la kwanza utakalolifikiria.

Sasa tuje kwenye hesabu, ambayo ndiyo kiini cha mazungumzo yetu. Kila mtengenezaji ameweka kikomo cha mkanda wake katika kitabu cha gari. Kwa Toyota za dizeli za zamani kama 5L, 1KZ na 1HZ kikomo kinachofuatwa ni kilomita 100,000. Kwa 1KD na 2KD, masoko mengi yaliwekewa 150,000. Subaru za EJ20 zilizouzwa Japani kwenyewe zina 100,000. Kikomo hicho kimewekwa kwa gari linalotumiwa kwa kawaida, na vitabu vingi vinasema wazi kwamba penye joto kali, vumbi, mizigo mizito na safari za kusimama-simama muda upunguzwe. Sidhani kuna mtu katika ukumbi huu anayeweza kuniambia kwa uso mkavu kwamba gari linalofanya kazi Malindi mwezi wa Februari liko katika hali ya kawaida.

Tazameni jinsi kilomita zinavyokwenda kwa watu wawili wa mji mmoja. Matatu ya kwenda Mombasa, ambako ni takriban kilomita 120, ikienda na kurudi mara moja kwa siku, inakula kilomita 240. Ikifanya kazi siku 26 kwa mwezi, mwaka mmoja inakaribia kilomita 75,000. Maana yake mkanda wa kilomita 100,000 unamalizika katika muda wa miezi 16 hivi, na dereva anayesema "tuliubadilisha mwaka juzi tu" amesema kwamba umepitiliza. Upande wa pili yuko mwalimu mstaafu wa hapa mjini mwenye gari la kwendea msikitini, sokoni na shambani Ganda, asiyezidi kilomita 20 kwa siku. Huyo atahitaji zaidi ya miaka 13 kuzifikia hizo 100,000, na mpira hauwezi kumngojea. Mpira unazeeka hata ukiwa umelala: joto la injini linaukausha, kila injini inapowashwa na kuzimwa unapata moto na kupoa, na nyuzi za ndani zinachoka kwa kupindishwa kwenye puli zilezile, yaani magurudumu yanayopitisha mkanda, siku zote. Ndiyo maana watengenezaji kadhaa wameweka kikomo cha miaka pamoja na kile cha kilomita, na kinachotangulia ndicho kinachofuatwa. Mimi, kwa hali ya hewa ya pwani na kwa injini ambazo pistoni na vali hugongana, huwaambia wenye magari wasivuke miaka saba hata kama mita inaonyesha kilomita 40,000. Mwenye kitabu kinachosema pungufu ya hapo na afuate kitabu chake.

Liko kundi la tatu ambalo hesabu yake haionekani kwenye mita wala kwenye kalenda. Namaanisha madereva wa watalii na teksi za uwanja wa ndege, wanaomsubiri mgeni nje ya hoteli injini ikinguruma ili kiyoyozi kiendelee kufanya kazi. Injini iliyosimama inazunguka kiasi cha mara 800 kwa dakika. Tukichukua kwamba gari lenu likiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa linazunguka kama mara 2,400, basi saa tatu za kusubiri zimeuzungusha mkanda sawa na saa moja ya safari, yaani kilomita 80 ambazo mita haikuziandika. Dereva anayesubiri saa tatu kila siku ya kazi anaongeza kwa mwaka takriban kilomita 25,000 za siri. Huyo akiambiwa abadilishe kwa 100,000 ya mita, amechelewa tangu zamani, tena kwenye joto la injini isiyopata upepo wa mwendo.

Baada ya hayo turudi kwa mnunuzi. Kenya inaruhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa halijazidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na biashara imezoea kuleta magari yaliyokaribia ukingo huo, kwa kuwa ndiyo ya bei nafuu. Basi lifikirieni gari la miaka saba linaposhuka bandarini Kilindini. Rangi inang'aa, viti ni safi, mita inasoma kilomita 68,000, na mnunuzi anaona kama amepata gari jipya. Mkanda ulio ndani, kama haujaguswa, nao una miaka saba. Umevuka bahari pamoja na gari, na wala hakuna aliyeufungua, kwa sababu ukaguzi unaofanywa kabla ya gari kusafirishwa unahusu usalama wake barabarani na si kazi ya ukaguzi huo kuvua vifuniko vya injini. Zaidi ya hayo kilomita zenyewe zina maneno. Kurudisha mita nyuma ni ulaghai wa siku nyingi, na kwenye mita za kielektroniki umekuwa mwepesi kuliko ilivyokuwa kwenye zile za namba za kuzunguka. Mwenye kuagiza gari na adai karatasi ya mnada iliyoandikwa Japani, ambayo kwa kawaida huonyesha kilomita zilizosomwa siku ile, ailinganishe na mita ya leo.

Upo ushahidi mwingine mzuri ambao wengi huufuta kwa kitambaa bila kujua. Gereji za Japani zikibadilisha mkanda zina desturi ya kubandika kistika ndani ya boneti au juu ya kifuniko cha taimingi, chenye tarehe na kilomita za siku hiyo. Maandishi ni ya Kijapani lakini namba ni zilezile tunazozisoma sisi. Mkiliosha gari la kuagiza kwa mara ya kwanza, waambieni vijana wa kuosha injini wasikibandue, na mkipigie picha. Kipo kistika hicho, na kilomita zake zinakwenda sambamba na karatasi zingine, hapo mna msingi wa kuhesabu. Hakipo, hesabuni kwamba mkanda ni ule wa kiwandani.

Gari linalonunuliwa hapahapa kwa mtu lina mtihani wake. Muuzaji atasema mkanda umebadilishwa, na huenda anasema kweli. Lakini kauli yake msiipe uzito zaidi ya inavyoweza kubeba. Mwulizeni kwa adabu: ulibadilishwa kwa kilomita ngapi, na nani, na pamoja na mkanda kilibadilishwa nini? Aliyelipia kazi hiyo kwa mfuko wake huwa anakumbuka, maana iliuma. Akitoa risiti yenye tarehe na namba ya gari, mshukuruni na mwendelee. Akijibu "nadhani aliyeniuzia alibadilisha," basi hakuna kilichobadilishwa kwa mujibu wa daftari lenu, na gharama ya mkanda itolewe katika bei mnayopatana kabla hamjapeana mikono, kwa kuwa baada ya hapo itakuwa yenu.

Sasa nilitekeleze lile nililoahidi juu ya jicho. Inawezekana kuvua kifuniko cha juu na kuutazama mkanda, nami sikatazi. Fundi akikuta nyufa mgongoni, kingo zimechanika, meno yamelika au yanang'aa kama kioo, au mkanda umelowa oili, hukumu imetoka: ubadilishwe, tena gari lisiondoke hapo. Hasa oili. Sili ya mbele ya krankshafti au ya kemshafti ikivuja juu ya mkanda, mpira unavimba na kulainika, na mkanda wa miezi sita unaweza kuharibika kama wa miaka kumi. Hapo kilomita hazina la kusema. Maji ya rejeta yanayovuja kwenye pampu nayo yana madhara. Lakini kinyume chake hakishiki. Mikanda ya miaka ya karibuni imetengenezwa kwa mpira ulioboreshwa ambao hauonyeshi nyufa upesi kama ule wa zamani. Unaweza kuwa mweusi, laini, wa kupendeza, huku nyuzi za ndani zimechoka na mizizi ya meno imelegea mahali ambapo hakuna tochi inayofika. Jicho linaweza kuutia mkanda hatiani. Kuuachia huru haliwezi. Fundi anayeutazama kwa nusu dakika, akaubonyeza kwa kidole, akasema utafika miaka miwili zaidi, amekupeni dua njema, si kipimo.

Wengi wenu wenye Toyota za dizeli zenye mkanda mna taa ya T-BELT kwenye dashibodi, na watu wengi huiamini kupita kadiri. Taa hiyo haiuoni mkanda. Inahesabu umbali tu, na ikifika kiwango kilichowekwa inawaka. Mtu anaweza kuizima kwa kitufe cha mita kwenye magari kadhaa, au kwa kuhamisha skrubu nyuma ya paneli kwenye yale ya zamani, bila ya kugusa mkanda, na wako waliokwisha kuing'oa balbu yake kabla ya kulipeleka gari sokoni. Kwa kawaida inapaswa kuwaka pamoja na zenzake mnapofungua ufunguo, kisha izime injini ikishika. Isipowaka kabisa, ulizeni sababu. Ikiwa imewaka na mkashindwa kupata historia, ichukueni kama ilivyo: muda umefika.

Najua mtu amekaa hapo anajiuliza kama si hasara kuutupa mkanda ambao pengine ungeenda mbali zaidi. Ni swali la haki, na jibu lake ni la hesabu. Mkanda wa kilomita 100,000 ukiubadilisha kwa 80,000, umepoteza moja ya tano ya umri wake, yaani moja ya tano ya fedha ulizolipia kazi ile. Ukisubiri mpaka 120,000 ukafika salama, umeokoa kiasi hichohicho. Ukisubiri usifike, umelipa hedi, vali, usafirishaji, siku za gari kulala, na mkanda uleule uliokuwa ukiukwepa. Kwa mwenye 3S-FE naweza kumwelewa akiuvuta kidogo huku akikusanya fedha, mradi asilitoe gari nje ya mji. Kwa mwenye 2KD, 1KZ au EJ20 siioni faida ya kamari hiyo hata kwa mwezi mmoja. Na kwa ndugu zetu wa safari za Lamu nitasema zaidi: baada ya Garsen mpaka Mokowe mafundi ni wachache, spea ni chache, na hiyo ni barabara ambayo kwa miaka mingi magari yamepita kwa msafara wa ulinzi. Kama mkanda wenu una shaka, ubadilishwe hapa Malindi kabla ya safari. Kurudi kuja kuubadilisha ni mpango unaotegemea mkanda wenyewe ukubali.

Mkishaamua, msibadilishe nusu. Mkanda mpya juu ya tenshena, yaani kifaa kinachoukaza mkanda, iliyochoka ni fedha zilizotupwa, kwa sababu beringi ya tenshena au ya puli ya kupitishia ikikwama inaukata mkanda hata uwe wa jana. Kwenye EJ20 ya Subaru pampu ya maji inazungushwa na mkanda huohuo, kwa hiyo ibadilishwe pamoja; kwenye 5L pampu inaendeshwa na feni belti, na hakuna sababu ya kuinunua kama haivuji. Wenye Mitsubishi za dizeli zenye 4D56 wakumbuke kwamba ndani kuna mkanda wa pili, mdogo, wa shafti za kusawazisha, zile zinazopunguza mtikisiko wa injini. Ukikatika huo unaweza kuingia chini ya mkubwa na kuurusha. Sili za mbele za oili ni za bei ndogo, na kazi ya kuzifikia mmekwisha kuilipia.

Katika kununua, nendeni na aina ya injini na namba ya spea iliyoandikwa, na ombeni risiti. Mikanda bandia ipo sokoni, yenye maboksi mazuri kuliko ya halali. Tazameni maandishi kwenye mkanda wenyewe kama yanalingana na boksi, na kama tarehe ya kutengenezwa inasomeka, kwa kuwa mkanda uliokaa miaka rafuni mwa duka lenye paa la mabati umeanza kuzeeka kabla hamjaufunga. Mkikuta umekunjwa mkunjo mkali na kufungwa kwa raba, mwachieni mwenyewe.

Kwa vijana wa gereji nina maneno machache. Mkanda mpya usipindishwe ndani-nje, usikunjwe, usipakwe kitu chochote. Alama za puli ziwe zimekaa pake kabla ya kuutoa wa zamani. Mkimaliza kuufunga na kukaza, izungusheni krankshafti kwa mkono, kwa spana, mizunguko miwili kamili, kisha zikagueni alama upya. Mkono ukigonga mahali pagumu simameni papo hapo, msiulazimishe. Anayeruka hatua hiyo na kupiga stata moja kwa moja anaweza kuzipinda vali ambazo mwenye gari amelipa ili zisipinde.

Kazi ikiisha, fundi aandike kwa wino usiofutika kwenye kistika, akibandike juu ya kifuniko: tarehe, kilomita, namba ya mkanda, na vitu vilivyobadilishwa pamoja nao. Mwenye gari ahifadhi risiti pamoja na nakala ya logibuku, na apige picha ya mita siku hiyo. Taa ya T-BELT irudishwe mwanzo mbele ya macho yake na ipangwe kwa kikomo cha injini ile; yule wa saa tatu za kusubiri hotelini aiombe ipangwe chini zaidi pale ambapo mita inaruhusu. Nimeleta vistika vitupu vya kutosha, viko mezani karibu na mlango, na mafundi wawili wapo nje kuwasaidia wasiojua aina ya injini zao kuisoma. Maswali nayapokea sasa, tukianza na wenye safari ya jioni.